Watani Walipoutaka Mlango Wetu

Zikibaki siku chache mwezi upevuke, mimi sikai. Nikiketi nainuka, nikiinuka nasahau nilichoinukia. Mwaka ule ninaousimulia niliunguza sufuria mbili za majimbi asubuhi moja, mpaka binti yangu Salaseini akaninyang'anya mwiko. Akaniambia, "Mama, hebu nenda kasimame ufukweni huko. Ukibaki hapa utatuchomea nyumba."

Nikaenda. Ilikuwa Agosti, baridi ya kwetu, upepo wa kusini unakata masikio. Mbele yangu mwamba, na katikati ya mwamba ule mlango, mahali pekee kijiji chetu cha Vunidilo kinapotokea bahari kuu. Nguzo zetu zilikuwa zimesimama, mbili upande huu na mbili upande ule, makuti tuliyozifungia yamekauka. Maana ya nguzo hizo ni moja tu: hapa hapavuliwi. Tunazisimika kila mwaka mwishoni mwa Mei, tunazing'oa Oktoba, kwa sababu katika miezi hiyo chewa wa pande zote hizi hukusanyika mlangoni kutaga mayai. Mwezi ukikaribia kupevuka wanajaa pale, wamezubaa, wanasukumana wao kwa wao, na hata ukimgusa mmoja kwa kidole haendi mbali. Kumuua chewa siku hizo ni rahisi kuliko kumkamata kuku.

Kikundi chetu kina watu kumi na watano. Mchungaji anaziombea nguzo. Shemeji yangu Inoke, mdogo wa marehemu mume wangu na ndiye mkuu wa kijiji, anapeleka kwa chifu kava, mizizi ya kinywaji chetu cha heshima. Sisi wengine tunalinda kwa zamu kwa boti yetu ya faiba. Halafu, siku mbili kabla ya mwezi mpevu, Salaseini anavaa miwani anazama kuwahesabu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na ana pumzi kushinda mwanamume yeyote hapa. Mwaka wa kwanza alihesabu kumi na wanne. Wa pili tisa. Siku hiyo nililia mbele za watu. Halafu ishirini na wawili, thelathini na saba, sitini na wanne. Huu ulikuwa mwaka wa sita, na moyoni nilikuwa nimejiwekea mia. Sikumwambia mtu, hata Salaseini.

Na niseme mapema kwa nini nilikuwa na kiherehere hivyo, maana wapo walioniita mwendawazimu. Chewa wale niliwamaliza mimi. Mimi na mume wangu Apakuki. Zamani alikuja mnunuzi wa mjini na masanduku ya barafu, nasi, kila mwezi mpevu wa majira haya, tulikuwa tunapakia chewa mia mbili, mia tatu, matumbo yamejaa mayai mpaka yanachuruzika kwenye sakafu ya boti. Nilikuwa nateleza juu ya mayai yale huku nacheka. Miaka saba tulifanya hivyo. Mwaka wa nane tukatupa mishipi siku tatu mfululizo, tukapata wawili. Nyumba ya matofali ninayolala ni chewa watupu, kuanzia msingi mpaka bati. Apakuki alikufa akiamini wamehamia kwingine. Mimi najua hawakuhamia.

Basi nimesimama ufukweni na mawazo yangu, nikaona boti inaingia kutoka bahari kuu. Inakuja kwa kasi, mashine inanguruma, inapita katikati kabisa ya nguzo zetu bila hata kupunguza mwendo. Nikavua kandambili, niwarushie au niwapungie, hata sijui. Ndipo nikasikia wanaimba.

"Watani!" mtu akapiga kelele nyuma yangu. "Watani wa Waidrau!"

Kijiji kizima kikatoka mbio. Watu wa Waidrau ni watani wetu tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mizimu yao na yetu ni ndugu, ndivyo tulivyoambiwa. Mtani akija kwako anachukua anachotaka bila kuomba, anakutusi mpaka usahau jina lako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukienda kwake, nawe unafanya vivyo hivyo. Anayemkasirikia mtani amewatemea mate wazee wa pande zote mbili. Sijawahi kusikia mtu aliyefanya hivyo.

Peceli aliruka majini kabla boti haijagusa mchanga. Ni mwanamume mpana, rika langu, na kicheko chake unakisikia kabla hujamwona.

"Vilimaina! Kumbe bado uko hai?" akanguruma. "Nimekuletea kava ya matanga yako, sasa niipeleke wapi?"

"Tutaanza kukuzika wewe," nikamjibu. "Na shimo lako itabidi tuazime trekta."

Wote tisa wakacheka mpaka boti ikayumba. Walikuwa wanarudi kwao kutoka mjini, kwenye mashindano ya kwaya za kanisa. Haikupita saa moja, Peceli alikuwa ameshamkamata jogoo wangu, amekunja mkeka mpya niliousuka miezi mitatu, ameuweka begani anatembea nao kijijini kama ameurithi. Nilicheka kwa moyo wangu wote, sikujilazimisha. Apakuki alipofariki, wiki nzima sikuweza kula wala kusema, na aliyenifungua mdomo ni huyu Peceli: alikuja akalala chini kando ya jeneza, akaanza kukoroma, akisema marehemu amemwachia nafasi. Nilicheka nikiwa nalia. Mtu wa namna hiyo utamnyima jogoo?

Jioni wakakaribishwa kwenye nyumba ya mikutano. Bakuli la kava likawekwa katikati, tukaketi. Inoke akajiweka sawa akatoa maneno ya makaribisho. Maneno hayo hayabadiliki. Baba yake aliyasema, na babu yake kabla ya hapo.

"Watani," akasema Inoke, "kilichoko juu ya ardhi yetu ni chenu. Kilichoko ndani ya bahari yetu ni chenu. Chukueni, msituaibishe kwa kuondoka mikono mitupu."

Kwa kawaida hapo mtani anataka nguruwe, watu wanacheka, mambo yanakwisha. Peceli akapiga makofi matatu ya adabu, akanywa kifuu chake, akajipangusa mdomo.

"Basi tumeshukuru," akasema. "Kesho tutachukua chewa wa pale mlangoni."



"Jumamosi tunafungua kanisa letu jipya," Peceli akaendelea, amechangamka, hana hili wala lile. "Wageni wa wilaya nzima wanakuja. Tulipokuwa tunapita nikaangalia chini, jamani! Chini kumekuwa kweusi kwa samaki! Nikawaambia wenzangu, Mungu wa Waidrau halali. Na masanduku ya barafu tunayo."

Inoke alibaki na kifuu mkononi, mdomo wazi.

"Peceli, mtani," akaanza, "ule mlango, unajua, nguzo zile..."

"Mlango uko baharini?"

"Uko baharini."

"Bahari ni yenu?"

"Ni yetu."

"Si umeshasema, mkuu? Au nimesikia vibaya?"

Watu wakaangua kicheko. Hata wa kikundi chetu walicheka, kwa mazoea tu, kisha nikawaona wanatazamana. Mimi niliinuka nikatoka nje, na Inoke akanifuata huku anajikwaa kwenye viatu vya watu.

"Shemeji, umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nimesema ninavyosema siku zote."

"Siku zote si Agosti!"

"Sasa ulitaka nifanyeje? Niyakate maneno ya baba yangu katikati? Niseme bahari ni yenu isipokuwa kipande kile?"

"Ndiyo! Ungesema hivyo hivyo!"

"Haikunijia," akasema, na sauti ikampungua. "Haki ya Mungu haikunijia, Mama Sala. Mdomo ulienda wenyewe."

Nilimkata jicho, lakini nilijua anasema kweli. Hata mimi ningekuwa pale mbele ningeyasema yote bila kufikiri. Siku hizo serikali ilikuwa bado haijakataza kuvua chewa majira haya. Nguzo zilikuwa neno letu wenyewe tu, na neno kubwa zaidi la kwetu lilikuwa limeshatolewa juu yake mbele ya bakuli la kava. Hakuna wa kulirudisha.

Nikafikiri, nitawashibisha. Nilikuwa na nguruwe jike mkubwa, nikamchinja jioni ile ile, tukamzika kwenye shimo la mawe ya moto pamoja na majimbi na mihogo. Nilikata nyama kwa mikono yangu, nikamjazia Peceli sahani mpaka ikafurika. Nilikuwa nakwenda na kurudi kati ya jiko na nyumba ya mikutano, sikai, jasho linanitoka kwenye baridi.

"Kula, mtani," nikamwambia. "Kula yote. Na atakayebaki mfungeni mwende naye kwenye kanisa lenu. Nguruwe mzima yule anatosha wilaya."

"Vilimaina, unanitakia mema mpaka naogopa," akasema, kinywa kimejaa. "Huyu ni wa leo. Samaki ni wa Jumamosi. Mchungaji wetu ana ugonjwa wa miguu, nguruwe kakatazwa."

Nikawaambia vijana wa kava waichanganye nzito. Nilitumaini itawalegeza miili, walale mpaka jua la saa sita. Peceli alikunywa vifuu nilivyoacha kuvihesabu, na kabla jua halijachomoza nikamsikia anaimba wimbo wa kwaya huku ananoa mkuki.

Ikabaki njia moja, nami nilijiona mjanja kweli. Yeye ni mtani wangu, nami ni mtani wake. Nilikwenda ufukweni, nikapanda boti yao, nikafungua mashine, nikatoa plagi, nikaitia kifuani. Kisha nikaketi juu ya jiwe nikawangoja.

Wakaja na mikuki, miwani na masanduku. Peceli akavuta kamba ya mashine mara tatu, ikakohoa tu. Akaifungua, akachungulia, akanigeukia. Nikamwonyesha plagi, kisha nikairudisha kifuani.

Akaanguka mchangani kwa kicheko.

"Ameniibia! Jamani njooni muone, mwanamke huyu ameniibia mchana kweupe!" Machozi yalikuwa yanamtoka. Alinipenda kwa wizi ule, nakwambia. Akainuka, akajipangusa mchanga, akasema, "Haya. Basi na mimi nachukua."

Akaenda moja kwa moja kwenye boti ya kikundi. Boti yetu ya ulinzi, mashine mpya, tangi limejaa kwa ajili ya zamu za mwezi mpevu. Akawaita wenzake wawili, wakapakia masanduku. Nilijipalia makaa mwenyewe. Nilikuwa nimemvua boti mbovu nikamvisha nzuri.

Nikaingia majini na nguo zangu nikashika ubavu wa boti.

"Naenda na nyinyi."

"Karibu! Tulikosa wa kupara magamba."

Salaseini naye alikuwa ameshafika, miwani mkononi. Alimwamkia Peceli kwa adabu, maana utani wenyewe ni wa rika letu, na alivyokuwa ametulia nikamwonea wivu.

"Mzee, leo ni siku yangu ya kuhesabu," akamwambia. "Naomba nihesabu kwanza, ndipo mshuke."

"Hesabu, mwalimu," akasema Peceli. "Tujue sahani ngapi."

Inoke alibaki ufukweni, mikono kichwani. Tukaenda.

Mlangoni maji yalikuwa yamesimama, mawimbi yanapigia nje tu, na unaona mpaka chini. Niliinama ubavuni. Mwanzo niliona mawe. Kisha mawe yakasogea. Walikuwa wamelala kwa makundi mpaka mbele kabisa ambako macho yangu hayakufika, wengine wanene, matumbo yamewashuka, wengine wanafukuzana kwa miduara midogo. Sikuwa nimewaona wengi kiasi hicho tangu nilipokuwa nawapakia.

Salaseini akavuta pumzi akazama. Nikaanza kuhesabu pumzi zangu mwenyewe. Akaibuka, "Bado," akazama tena. Akaibuka upande wa pili wa mlango, akainua mkono kwamba bado, akazama.

Peceli alikuwa ameketi ukingoni anajaribu mpira wa mkuki wake. "Yule pale wa mchungaji," akasema. "Yule mkubwa wa mkuu wa wilaya, maana na yeye hana shingo. Yule mdogo wa bibi yangu, meno hana, atamnyonya. Vilimaina, wewe utachagua yupi?"

"Mimi nakuchagua wewe," nikasema. "Nikuchome, nikugawe kanisani."

Wenzake wakacheka. Mimi maneno yalinitoka tu, kama ya Inoke jana yake. Salaseini akaibuka mbali kule. "Tisini na sita!" akapiga kelele. "Na sijafika nusu ya pili!" Akazama tena.

"Binti atatuchelewesha mpaka chakula cha jioni," Peceli akasema. Akavaa miwani yake, akapitisha mguu mmoja nje ya boti.

Nikaukamata mkuki.

Akacheka. Akauvuta. Nikauvuta. "Mwizi huyu hatosheki!" akawaambia wenzake, nao wakapiga makofi, wakaanza kuimba kunichochea. Tulikuwa tunavutana vile, watu wazima wawili, boti inayumba, na yeye anacheka usoni mwangu, na mimi nikaona nyuma yake, chini ya maji, chewa mmoja jike, tumbo limejaa, ametulia chini ya mguu wake kabisa.

"Niachie, Peceli."

"Niachie wewe, mchawi!"

"Niachie! Sitaki utani!"

Sauti ilitoka sivyo. Niliisikia mwenyewe. Wimbo ukakatika.

"Nimekasirika," nikasema. "Unanisikia? Nimekasirika. Niliwaua hawa mimi, kwa mikono hii, mpaka wakaisha, na miaka sita nimekaa kwenye jua na mvua nikiwangoja warudi, na leo wamerudi. Ukimgusa mmoja tu, sisi si watani tena. Nakwambia kwa hasira."

Peceli aliendelea kutabasamu kidogo, tabasamu ambalo halijui liende wapi. Akavua miwani. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, ya mimi na yeye tu:

"Vilimaina. Sema unatania."

Nikaukaza mkono kwenye mkuki.

"Sema tu unatania," akasema. "Neno moja. Hawa wamesikia, lakini ukisema sasa hivi ulikuwa unatania, limekwisha, tunacheka, hakuna aliyesikia chochote. Nakuomba."

Na ningeweza kulisema. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni, jepesi. Ningesema, angecheka, angenipiga begani, na angeshuka majini na mkuki wake, kwa sababu utani ukiwa mzima na haki yake nayo ni nzima. Nikatazama maji. Viputo vya Salaseini vilikuwa vinapanda karibu na nguzo ya mbali.

"Sitanii," nikasema.

Akauachia mkuki. Akaurudisha mguu wake ndani ya boti, taratibu, akaketi, akavua kofia akaiweka magotini.

"Samahani, mama," akasema.

Miaka thelathini Peceli aliniita mchawi, mwizi, kibuyu, mfupa wa mbwa. Hakuwahi kuniita mama.

Salaseini akaibuka ubavuni, akashika boti, akavua miwani, uso unang'aa. "Mia na arobaini na watatu!" akasema, anahema. "Mama, mia na arobaini na watatu! Na wapo niliowaacha mapangoni!" Akangoja tushangilie. Akatutazama mmoja mmoja. "Kuna nini?"

Nilifurahi. Sitadanganya hata kwa kuona haya: nilifurahi mpaka nikaketi juu ya sanduku la barafu. Na hapo hapo nilitamani nizame nisionekane. Nilivipata vyote viwili kwa mpigo, na hakuna hata kimoja nilichoweza kukionyesha mbele ya wale watu watatu waliokuwa wameinamisha vichwa.

Ufukweni hawakupanda tena kijijini. Wenzao walioachwa waliitwa wakaja kimya. Peceli aliketi chini mchangani, miguu ameikunja, akapiga makofi ya adabu, akamwambia Inoke, "Mheshimiwa, tunaomba ruhusa ya kuondoka." Mkeka wangu aliuweka mbele yake, umekunjwa vizuri. Jogoo alikuwa ameshaliwa, basi akaomba radhi kwa ajili ya jogoo. Aliomba radhi, Peceli, kwa jogoo! Mtu mmoja nyuma yangu alianza kucheka, akidhani ni mzaha, akanyamaza.

Nikatoa plagi kifuani nikampa kwa mikono miwili. Akaipokea kwa mikono miwili. Hakunitazama.

"Umefanya nini, Mama Sala?" Inoke akaniuliza, walipokuwa wanafunga mashine yao. Ilikuwa zamu yake kuuliza.

"Nimekasirika."

"Nimeambiwa. Kijiji kizima kimeshaambiwa." Akajikuna kichwa kwa nguvu. "Sikiliza. Haijaharibika yote. Nitachukua jino la nyangumi, twende Waidrau, mimi na wewe na wazee. Tutaketi mlangoni kwao, tutaomba radhi. Jino hawawezi kulikataa. Watalipokea, utani utarudi kama kawaida."

"Utarudi kama kawaida?"

"Kama haujawahi kuondoka."

"Na wakirudi kuwa watani," nikasema, "si watakuwa na haki tena?"

Inoke akahesabu miezi kwa vidole.

"Basi twende Oktoba," akasema. "Nguzo zikishang'olewa. Chewa watakuwa wameshataga."

"Na Agosti ijayo?"

"Agosti ijayo nitayakata yale maneno. Nitasema isipokuwa mlango."

"Kwa mtani? Utamwambia mtani isipokuwa?"

Mtani mwenye mipaka hajawahi kuwepo, hilo tulilijua sote wawili. Nikamwacha pale, nikatembea ufukweni, nikarudi, nikatembea tena. Salaseini alinijia akataka kunishika mkono, nikamwambia aniache kidogo.

Boti yao ikawaka. Wakatoka taratibu, wote tisa wameketi, hakuna aliyeimba. Nikaingia majini mpaka magotini ili niwaone vizuri. Walipokaribia nguzo, mashine ikazimika. Nikasema moyoni nimeiharibu ile plagi, sasa mkondo utawatupa kwenye mwamba. Lakini Peceli alikuwa ameizima mwenyewe. Wakainyanyua mashine kutoka majini, wakatoa makasia. Wakavua kofia, wote, na wakaanza kupita katikati ya nguzo kwa kuinama, wanapiga kasia polepole bila kurusha maji, jinsi watu wanavyopita mbele ya nyumba ya chifu wa ugenini. Sidhani kama walimshtua hata samaki mmoja.

Nilishindwa kuvumilia. Upepo ulikuwa unaelekea kwao, nikajua atasikia.

"Peceli!" nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. "We kiboko! Hamia katikati, utaizamisha hiyo boti kwa hilo tumbo!"

Alisikia. Kasia lake lilisimama. Akageuka, akanitazama kwa muda, na mimi nikangoja anitusi, tusi lolote lile, hata la zamani. Akaniinamishia kichwa kwa adabu, akageuka, akaendelea kupiga kasia.